Mawe Saba na Nusu

Bombolulu,
Ijumaa, 19 Aprili 2024

Mwidani,

Salamu nyingi. Jirani yako Mwanatatu anakuletea flashi pamoja na kikopo cha achari alichoagizwa na mama yako. Usivitie mfuko mmoja. Mara iliyopita flashi ilinirudia ikinuka pilipili, nikapiga chafya siku mbili.

Nimemaliza mandhari ya timbo la mawe. Ahmad wa Chaani ameshayaingiza kwenye gemu yetu ya simu, na jana alimsimamisha ndani yake yule kijimtu wako, mkata mawe ambaye mchezaji atamwendesha. Wallahi, kama msemavyo nyinyi, nilicheka hadi magongo yakaniponyoka. Umechora jitu! Kila safu ya ukuta ule ni jiwe moja la kujengea, inchi tisa, na mistari ya msumeno inaonekana wazi. Mtu wa kawaida ni safu saba na nusu. Kijimtu wako kafika safu ya kumi na mbili. Gemu nzima ni ya kuhangaika kutoka shimoni, naye akinyoosha mkono amefika juu kununua maandazi.

Halafu rangi. Ana wekundu wa nyanya ya sokoni. Mtu wa timbo hana rangi yake, ana rangi ya jiwe. Mdogo wangu Tsofa akitoka kazini Mwakirunge hata kope zake ni nyeupe, na wewe unajua, maana ndiye uliyemtumia kama kielelezo. Huyu wako kabandikwa juu ya picha, hajaingia ndani yake. Miguu yenyewe inaelea.

Najua utabisha. Utasema mimi sijawahi kushuka chini kwenye timbo, nachora kwa picha za Tsofa. Ni kweli, magongo hayateremki kule. Kama huniamini, tafuta mtu mwenye miguu mizima akasimame pale chini, uhesabu mwenyewe.

Msalimie mama.

Nyamvula


Mtongwe, Likoni,
Jumapili, 21 Aprili 2024

Kwa fundi wa kuta, Bi Nyamvula,

Achari imefika, flashi imefika, na matusi yako yamefika mazima mazima.

Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Kijimtu wangu hana kosa. Tsofa alipokuja kula nasi Idi nilimsimamisha mlangoni nikampima kwa kamba, nikamchora kichwa, mabega, goti, kila kitu kwa hesabu. Kwa hiyo kama hawalingani, ukuta wako ndio mfupi. Umezibana safu zako kama mtu anayepanga khanga kabatini. Zipanue uone kama mtu wangu hatakaa sawasawa.

Rangi nitaipunguza kidogo, kwa heshima yako tu. Lakini mtu asiyeonekana kwenye gemu ni wa kazi gani? Mchezaji atamtafuta kwa tochi?

Mzee wangu amevuna mihogo, Mwanatatu atakuletea. Ukiichemsha tia nazi, usiile kavu kavu kama adhabu.

Mwidani


Bombolulu,
Ijumaa, 26 Aprili 2024

Mwidani,

Mihogo imeliwa, na nazi ilitiwa. Ahsante kwa Mzee.

Safu sizipanui hata kidogo. Nimemuuliza Tsofa akacheka, akasema sisi wawili tunagombania urefu wake kama mafundi wa jeneza. Mama alimkemea kwa maneno hayo, lakini ndivyo alivyo, hajui kufunga mdomo. Yeye anasema mimi niko sahihi. Bila shaka utasema ananipendelea kwa kuwa ni ndugu yangu.

Mvua hii imewavurugia kazi. Wanashuka, wanapandishwa, wanashuka tena. Anasema jiwe likilowa linageuka rangi kabisa, linakuwa kama chai ya maziwa, na ukuta unatoka jasho. Nyapara wao, Gershom, hataki hata mtu akae upande ule. Nimetamani kuichora rangi hiyo lakini sijaiona. Picha zote nilizonazo ni za kiangazi.

Kubali umeshindwa, tumalize. Ahmad anangoja.

Nyamvula


Mtongwe,
Jumapili, 28 Aprili 2024

Nyamvula,

Sikubali. Wiki ijayo nitakuletea ushahidi, inshallah, tena wa macho. Anza kutayarisha maneno ya kuniomba radhi, na uyaandike kwa mwandiko mzuri.

Mwidani


Mtongwe,
Jumapili, 5 Mei 2024

Dada yangu Nyamvula,

Pole. Pole sana kwako na kwa Mama. Sijui kuandika barua ya namna hii na nimeshachana tatu.

Jana nilikuja kwenye maziko. Nilisimama nyuma, karibu na tangi la maji, na nikaondoka kabla ya chakula. Nilikuona umeketi kando ya Mama, nikashindwa kusogea. Mwanatatu alinilaumu njia nzima kwamba sikukupa hata mkono. Ana haki.

Tsofa alikuwa rafiki yangu. Ukuta ule wa mawe uliangushwa na mvua, na mvua huletwa na Mungu. Kazi ya Mungu haina makosa. Tusiseme mengi.

Mambo ya gemu tuyaache. Nitazungumza na Ahmad mwenyewe.

Mwidani


Bombolulu,
Ijumaa, 24 Mei 2024

Mwidani,

Nimerudi kazini Jumatatu. Nashona mifuko ya khanga na watu wananipitia kimya kimya, kana kwamba nimelala.

Ahmad ameniambia unataka gemu iachwe. Mimi sitaki. Nataka imalizike, na nataka umwache Tsofa ndani yake. Nitakueleza sababu, kisha hutaniuliza tena.

Jumanne ile ya tarehe thelathini mvua iliponyesha, Gershom aliwapandisha watu wote juu saa saba, wakajikinga bandani. Mvua ikakatika. Hakuna aliyeambiwa ashuke. Tsofa alishuka peke yake. Muda si muda ukuta ukaporomoka. Walipomfukua, simu yake haikuonekana, na dumu tupu lilikuwa limelala kwenye tope, si mbali na mashine ya kukatia mawe. Gershom akasema mbele ya polisi, mbele ya wazee, mbele ya Mama, kwamba alirudi kuiba dizeli. Sasa ndivyo inavyosemwa Mwakirunge nzima. Kanisani wameacha kumpitishia Mama sahani ya sadaka mkononi, wanamruka. Labda hawakusudii. Lakini yeye ameona.

Mama hajatukana mtu. Anauliza swali moja tu, asubuhi akiwasha moto na jioni akifunga kuku: "Basi alirudi kufanya nini?" Nimemuuliza Katana, waliyekuwa wakifanya kazi pamoja, naye akaniuliza mimi. Ninalala nalo na kuamka nalo swali hilo. Asubuhi ile alimwambia Mama, "Leo nataka kupendeza," naye Mama alidhani kuna msichana. Nimemtafuta msichana huyo kila mahali. Hayupo.

Mtoto wa mamangu hakuwa mwizi, na sina cha kuonyesha. Nina gemu tu. Angalau humo awe mkata mawe. Mpunguze afikie safu saba na nusu na umtie rangi ya timbo, utume.

Nyamvula


Mtongwe,
Jumapili, 2 Juni 2024

Nyamvula,

Nimekutumia kijimtu. Nimemfanya safu saba na nusu. Wewe ndiye uliyekuwa sahihi tangu mwanzo.

Rangi nimezichora upya zote. Nimemchora baada ya mvua, vumbi limegeuka tope magotini, na jiwe nyuma yake limelowa. Kama utabadilisha mandhari yako yalingane naye, nimekuwekea rangi zenyewe pembeni, moja moja. Kivuli nimekifanya hafifu kwa sababu kulikuwa na mawingu.

Msalimie Mama. Mwambie namwombea.

Mwidani


Bombolulu,
Ijumaa, 7 Juni 2024

Mwidani,

Kijimtu nimempokea. Ahmad alimsimamisha kwenye timbo na kwa mara ya kwanza hakuelea. Nilimtazama nikalia hadi Ahmad akatoka nje. Ulimpatia kila kitu. Ndiyo maana nakuandikia.

Umemvika shati la zambarau lenye mkono mmoja wa manjano.

Shati hilo nililishona mimi. Kitambaa cha zambarau kilinipungukia, nikaunga mkono wa kushoto kwa kipande cha manjano kilichobaki kwenye mifuko. Nilimpa Jumapili jioni, tarehe ishirini na nane, hapa chumbani kwangu. Jumatatu lilikuwa limekunjwa kwenye sanduku lake, Mama aliliona. Jumanne alilivaa. Hospitali walilikata wakalitupa, na tukamzika na shati la kanisani. Katika maisha yake yote alilivaa siku moja, saa zile alizokuwa timboni.

Halafu rangi ya jiwe lililolowa. Mimi nilikuandikia tu kwamba liko kama chai ya maziwa. Wewe umeniletea rangi sita, hadi ile ya kijani kidogo kwenye nyufa. Umeniambia kulikuwa na mawingu. Na umekubali kushindwa bila kubisha, wewe ambaye hujakubali kushindwa hata bao na Mzee wako. Nimerudi kwenye barua yako ya mwisho kabla ya msiba. Umeandika utaniletea ushahidi wa macho.

Nimekuwa nikimuuliza kila mtu Tsofa alirudi kufanya nini. Wewe tu ndiye sikukuuliza.

Nakuuliza sasa.

Nyamvula


Mtongwe,
Jumapili, 9 Juni 2024

Nyamvula,

Nilimwomba anipigie picha.

Jumatatu ile nilimwandikia kwenye simu, nikamwambia dada yako ananitukana kuhusu ukuta, hebu simama pale chini ujipige, tuhesabu safu tumalize ubishi. Akajibu kwa kicheko, akasema kesho atapiga akiwa amevaa shati jipya, maana anaingia kwenye gemu na hawezi kuingia ovyo. Jumanne saa nane kasoro alinitumia. Aliandika: "Wamepanda wote, sasa kumetulia. Simu nimeiegemeza kwenye dumu. Haya, hesabu mwenyewe."

Dumu lile, Nyamvula, ni la kuegemezea simu.

Picha iko ndani ya flashi, na ujumbe wenyewe nimekunakilia. Nilikuwa nayo mfukoni siku ya maziko. Nilipomsikia yule nyapara akizungumza habari za dizeli pale penye tangi la maji, niligeuka nikaelekea njiani. Nilisema moyoni nitasema kesho, halafu keshokutwa. Nikaona aibu, kisha nikaona woga, na aibu na woga vikizoeana havitoki. Nilijificha nyuma ya Mungu nikakuandikia kwamba kazi yake haina makosa. Shati nililichora bila kufikiri, ndivyo nilivyomwona mara ya mwisho na mkono ulikataa kumvika jingine.

Nenda na picha kwa Mama. Nikihitajika kusema mbele ya watu nitakuja, hata leo.

Mwidani


Bombolulu,
Ijumaa, 21 Juni 2024

Mwidani,

Hukuhitajika. Niliisoma barua yako mwenyewe.

Jumamosi iliyopita wazee walikutana kwa Mama. Katana alikwenda kumwita Gershom, akaja, akakaa karibu na njia. Nilisimama kwa magongo yangu nikasoma kila neno uliloliandika, kisha simu yenye picha ikapita mkono kwa mkono. Ilipomfikia Gershom aliikuza picha kwa vidole viwili. Akasema, "Dumu hilo analolitaja ndilo nililoliona." Hakuomba radhi. Lakini Jumapili sahani ya sadaka ilimpitia Mama mkononi kama wengine.

Simu ilipomfikia Mama, hakutazama ukuta wala safu. Akasema, "Kumbe alipendeza kweli." Kisha akanirudishia simu akaenda kutazama moto. Tangu siku hiyo hajauliza tena alirudi kufanya nini. Kwa hilo nakushukuru, na ninalisema likiniuma.

Ningependa kuishia hapa. Ningeishia kama ningekuwa mtu wa kazi nyingine.

Mimi ni mtu wa kupima. Nilikaa na picha ile nikahesabu, kama ulivyotaka. Tsofa anaonekana safu kumi, si saba na nusu. Kwa nini? Kwa sababu yuko mbali na ukuta. Aliyesimama mbele ya ukuta huonekana mkubwa kuliko alivyo, hilo wewe ndiye uliyenifundisha. Sakafu ya timbo nayo ina mistari ya msumeno, nimeihesabu yote kutoka miguuni pake hadi ukutani, na ni hatua nane. Tena yuko karibu na ile njia ya malori. Nikamuuliza Katana walimfukua wapi. Akasema, "Chini ya ukuta kabisa, dada. Mgongo ulikuwa umegusa jiwe."

Alikuwa ameshapiga picha. Alikuwa ameshakutumia. Kazi ilikuwa imekwisha.

Nani alimwambia asogee?

Nyamvula


Mtongwe,
Jumapili, 23 Juni 2024

Nyamvula,

Mimi.

Nilipoiona picha nilihesabu safu kumi, nikafurahi. Kisha nikajua utaikataa, utasema hajasimama ukutani, na utakuwa na haki. Nikamwandikia: "Dada yako hatakubali hii. Rudi nyuma hadi mgongo uguse ukuta, na miguu ionekane. Moja tu."

Akajibu: "Sawa bosi."

Nilingoja. Nilidhani chaji imemwishia. Nilikula, nikalala mchana.

Ujumbe huo wa pili sikuunakili. Nilidhani kwa kutoa wa kwanza nimetoa vyote. Sina neno la kujitetea na silitafuti.

Mwidani


Bombolulu,
Ijumaa, 5 Julai 2024

Mwidani,

Nimeisoma. Mama sikumsomea, na Mwanatatu hajui anachobeba.

Wiki mbili nimekuwa nikikuandikia kichwani maneno ambayo karatasi isingeyavumilia. Nimekuchukia vizuri, kwa bidii, nikishona, nikipika, nikifunga mlango. Kisha nikamwomba Mwanatatu anikusanyie barua zangu nilizokutumia, akaniletea Jumatatu. Hukujua nazitakia nini, lakini ulimpa zote. Ya kwanza kabisa nimeiweka hapa mbele yangu. Mwandiko ni wangu: tafuta mtu mwenye miguu mizima akasimame pale chini.

Niliyaandika nikicheka. Wewe ulimtafuta na ukamsogeza, lakini mimi ndiye niliyekutuma. Tena nilijua ukuta unatoka jasho, nilikuandikia kwa mkono huu huu, na bado nikang'ang'ania safu zangu. Wala usithubutu kuniandikia kwamba ni kazi ya Mungu. Ilikuwa kazi yetu, na makosa yake tunayajua kwa inchi.

Gemu imekwisha. Mandhari nimeyachora upya kwa zile rangi sita zako, za baada ya mvua. Njia ya kutokea shimoni nimeiondoa ukutani nikaihamishia upande wa malori. Na Ahmad nimemwomba jambo moja. Mchezaji amsukume kijimtu atakavyo, asiufikie ukuta. Akibakiza hatua nane akwame, hata ukibonyeza hadi kidole kife ganzi. Nimemwambia pia amkuze, awe vile alivyo kwenye picha. Ahmad analalamika kwamba sasa vipimo vimeharibika, mtu kawa mkubwa, safu kumi nzima, halingani tena na timbo. Nimemwambia aviache hivyo.

Usiniandikie tena. Flashi baki nayo.

Mama alimwona jana. Nilimwekea simu mapajani nikamwonyesha pa kubonyeza. Alimtembeza kidogo huku na huku, akamgeuza, akamtazama lile shati. Kisha akamwelekeza ukutani. Akabonyeza, akabonyeza, akabonyeza.

"Mbona hasogei?" akaniuliza.

"Hapo ndipo aliposimama, Mama."

Akaondoa kidole akamwacha pale pale.

Nyamvula